"Muone daktari kwanza": sentensi niliyoifuta kwenye programu yangu

Leo naomba ruhusa niweke kando mambo ya hifadhidata na seva. Msikimbie lakini, maana swali la leo lilianzia kwenye programu na litaishia kwenye programu.

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikiandika programu ndogo ya simu ya kuhesabu chakula. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni mimi mwenyewe. Nina miaka 28, urefu wa mita 1.74 na uzito wa kilo 112. Kazi yangu ni ya kukaa kutwa, na nimeamua nishuke hadi kilo 85. Ya pili ni kwamba programu nyingi za aina hii zinazotoka Marekani na Uingereza hazijui sisi tunakula nini. Zinajua hambaga, hazijui anjera. Ukiandika bariis zinakupa wali mweupe, na kila mtu aliyewahi kula mchana hapa Eastleigh anajua kwamba bariis yenye mafuta, zabibu na paja la mbuzi juu yake si wali mweupe. Na chai yetu, ile ambayo sukari hutiwa kabla hujaulizwa, haimo kabisa.

Sasa, karibu kila programu ya namna hii, na karibu kila pakiti ya unga wa kupunguza mwili, ina sentensi moja kwa herufi ndogo: muone daktari kabla ya kuanza. Nilipofika kwenye ukurasa wa kwanza wa programu yangu ilibidi niamue. Niiweke au nisiiweke? Je, ni sentensi ya kweli, au ni ya kumkinga mwenye kampuni asishtakiwe?

Tuseme ukweli, nani huisoma? Ni kama yale masharti marefu ya matumizi: unatafuta kitufe cha "Nakubali", unabonyeza, unaendelea na safari. Onyo linaloelekezwa kwa kila mtu, kila mtu hudhani limeelekezwa kwa mwenzake.

Wako wanaosema kwamba sentensi hiyo haina maana yoyote. Hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema kula kiasi si matibabu. Wazee wetu hawakwenda hospitali kuomba kibali cha kuacha sukari. Ukimwambia mwendesha bodaboda mwenye kitambi kwamba kabla hajaacha soda mbili za kila siku ni lazima apange foleni nusu siku, akose abiria, alipe ada ya kumwona daktari, atakachofanya ni kuendelea kunywa soda. Hapo onyo litakuwa limemdhuru.

Nakubaliana nao kwa sehemu. Mtu mzima asiye na ugonjwa wala dawa, anayetaka kupunguza soda, kupunguza mafuta na kutembea kutoka Eastleigh hadi mjini badala ya kupanda matatu, sioni anachongojea. Aanze leo jioni. Kushuka nusu kilo au kilo moja kwa wiki kwa njia hiyo ndiyo mwendo ambao wataalamu wenyewe huupendekeza.

Lakini hatukuwa tukizungumzia soda mbili. Tunazungumzia kupungua sana: kilo 15, kilo 20, au kama mimi, kilo 27. Na mtu aliyenifanya nisimame na kufikiri ni shangazi yangu.

Shangazi ana miaka 58, anaishi peke yake Section III, ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti. Ana sukari kwa miaka tisa sasa. Anatumia vidonge viwili vya kila siku: glibenklamidi ya sukari, na kidonge cha presha kile kinachomfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara. Alisikia habari za programu yangu kwa mama, akanipigia simu.

"Mwanangu, nami niwekee hiyo kitu kwa simu," akasema. "Nataka niache anjera, niache wali, niache chai ya sukari, vyote siku moja. Na usiku nisile kabisa. Nataka kilo ishirini ziwe zimeondoka kabla ya harusi ya binti yangu."

"Na dawa, shangazi?"

"Dawa naendelea nazo. Dawa sijawahi kukosa hata siku moja."

Hapo ndipo penye hatari, na ilinichukua jioni mbili za kusoma kuielewa vizuri. Mimi si daktari, digrii yangu ni ya kompyuta, lakini utaratibu wenyewe si mgumu kueleweka. Glibenklamidi hulazimisha kongosho kutoa insulini, umekula au hujala. Dozi ya shangazi iliwekwa na mtu aliyepima sukari yake wakati anjera, wali na chai vikiwemo tumboni. Ukiondoa anjera, kidonge hakina habari. Kinaendelea kushusha sukari ileile ambayo sasa haipo. Matokeo yake ni jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, na mwisho kuzirai. Kidonge hicho hufanya kazi kwa saa nyingi, kwa hiyo jambo hilo linaweza kutokea usiku wa manane, mtu akiwa peke yake ghorofa ya nne. Kwa upande wa presha, mtu anayeacha wanga ghafla hupoteza maji na chumvi nyingi siku za mwanzo, na kile kidonge kingine nacho kinatoa maji. Simama haraka kitandani, kizunguzungu, kisha ngazi.

Wenzangu wa kazi hii mtaelewa haraka. Una sehemu mbili za mfumo zinazotegemeana. Ukibadilisha moja bila kuigusa ya pili, kila moja peke yake iko sawa, na mfumo mzima unaanguka.

Angalieni pia kwamba si dawa zote zilizo hivyo. Metformini, ambayo ni dawa ya sukari inayotumiwa sana, ikiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Insulini inaweza kuishusha vibaya. Kwa hiyo kusema tu "natumia dawa ya sukari" hakutoshi. Jina la dawa ndilo linaloamua. Na kuna nyingine ambazo hata hazihusu sukari. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, akaamua kwa nia njema kabisa kwamba kuanzia Jumatatu ni sukuma wiki asubuhi na jioni, anaongeza vitamini K mwilini, nayo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Mboga ya shilingi chache inabadilisha dozi ya dawa ya moyo.

Hapa Eastleigh tusijifanye jambo hili ni geni. Tunalijua kupitia Ramadhani. Mwaka 2001 ulifanyika utafiti mkubwa uitwao EPIDIAR, wagonjwa wa kisukari 12,243 katika nchi 13. Ulionyesha kwamba kwa wenye kisukari cha aina ya pili, visa vikali vya sukari kushuka viliongezeka takriban mara saba na nusu ndani ya mwezi wa Ramadhani ukilinganisha na miezi mingine. Baadaye, mwaka 2016, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari pamoja na muungano wa DAR walitoa mwongozo, wakaupitia upya mwaka 2021. Mojawapo ya maagizo yake ni kwamba mgonjwa amwone daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuanza, ili dawa zipangwe upya. Na dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga.

Mwongozo huo haukusema kufunga ni kubaya. Umesema dawa zipangwe kwanza, halafu atakayeweza afunge. Basi mtu anayepanga kupunguza kilo 20 anaingia kwenye mfungo wa miezi sita usio na Idi karibu. Kama tunaandaa dawa kwa ajili ya siku 30, tusiziandae kwa ajili ya siku 180?

Mfano mwingine ni ule utafiti wa DiRECT uliofanywa Uskoti na kaskazini mwa Uingereza, matokeo yakatangazwa Desemba 2017. Huenda umeuona kwenye video za mtandaoni, maana unapendwa sana. Watu 149 wenye kisukari cha aina ya pili walipewa vinywaji maalumu vya kalori 825 hadi 853 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha wakarudishiwa chakula polepole. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 kati yao hawakuwa tena na vipimo vya kisukari, bila dawa. Kwa waliopungua kilo 15 au zaidi, ilikuwa asilimia 86. Ni habari njema mno, nami siichoki kuisoma.

Lakini kuna jambo ambalo wasimulizi wa video hulisahau. Siku ya kwanza kabisa ya mpango, vidonge vya sukari na vya presha vilisimamishwa. Havikusimamishwa na mgonjwa jikoni kwake. Vilisimamishwa na wahudumu wa afya, wakampima mara kwa mara, na presha ikipanda wakavirudisha. Kwa hiyo daktari hakuwa pale kuzuia watu wasipungue. Yeye ndiye aliyewawezesha kupungua kiasi kile wakiwa salama. Wale wanaodhani daktari ni mlinzi wa geti, wafikirie upya.

"Lakini mimi sina dawa yoyote," utasema. "Mimi ni mzima."

Sawa. Kuna mambo mawili ya kukujibu.

La kwanza ni la ukali wa njia. Marekani, mwaka 1976, kilitoka kitabu cha Robert Linn kilichopigia debe kinywaji cha protini kilichotengenezwa kwa ngozi na mabaki mengine ya mifugo. Watu wengi walikinywa badala ya chakula. Kufikia mwisho wa 1977 na mwanzoni mwa 1978, vifo vipatavyo 60 vilikuwa vimeripotiwa kwa serikali. Baadhi yao walikuwa wanawake vijana wasiojulikana kuwa na ugonjwa wowote wa moyo, na mioyo yao ilipoteza mapigo yake ya kawaida. Uzima wao wa mwanzo haukuwaokoa. Hata bila kufika huko, kupungua kwa kasi kubwa huongeza uwezekano wa kupata vijiwe kwenye kibofu cha nyongo. Ndiyo maana mpango wa kalori 800 kwa siku au chini ya hapo haufanywi bila usimamizi wa kitabibu.

Mtu ataniletea hadithi ya Angus Barbieri wa Uskoti, ambaye mwaka 1965 na 1966, akiwa na miaka 27, hakula chakula kwa siku 382 na akashuka kutoka kilo 207 hadi 82. Ni kweli, kisa chake kiliandikwa kwenye jarida la kitabibu mwaka 1973. Kinachoachwa kila kinaposambazwa ni kwamba alikuwa chini ya madaktari muda wote, akipimwa damu, akipewa vitamini, na kwa kipindi fulani potasiamu. Na bado madaktari hawakuligeuza kuwa tiba ya kumwandikia kila mtu.

La pili ni gumu zaidi: una hakika gani kwamba wewe ni mzima? Uchunguzi wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015 ulikuta kwamba asilimia 27 ya watu wazima walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia, na kwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5. Uchunguzi huohuo ulikuta kwamba asilimia 56 hawajawahi kupimwa presha maishani mwao, na karibu asilimia 88 hawajawahi kupimwa sukari. Kwa hiyo wengi wetu tunaposema "sina ugonjwa" tunachomaanisha ni kwamba hakuna aliyetupima.

Mimi nilikwenda kwenye kituo cha afya kabla sijapunguza hata gramu moja. Tabibu aliyenihudumia, dada mmoja mpole lakini asiye na muda wa porojo, alinipima presha mara tatu. Ilikuwa 148 kwa 94. Akaniambia nirudi siku nyingine mbili, na ikawa vilevile. Sukari na figo zilikuwa sawa. Sikuwa na dalili yoyote, wala kichwa hakikuwahi kuniuma.

"Hupewi dawa leo," akaniambia. "Nenda upunguze. Kila kilo unayotoa, presha nayo inashuka karibu kipimo kimoja. Rudi kila mwezi tuone. Na miraa, je?"

Nilimwambia huwa nakula wakati mwingine, tukiwa na kazi ya usiku. Akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba miraa hukata hamu ya kula, ndiyo maana kuna watu hapa mtaani wanaoichukulia kama dawa ya kupunguza mwili, lakini ina kathinoni, ambayo ni ndugu wa amfetamini, na hupandisha presha na mapigo ya moyo. Kwa mtu wa 148 kwa 94 anayeanza kujinyima chakula, hiyo ni kuongeza mzigo juu ya punda aliyekwisha chechemea. Nisingalijiuliza swali hilo mwenyewe, maana sikuwa nimeihesabu miraa kuwa chakula wala dawa. Programu yangu pia haikuwa na nafasi ya kuiandika. Sasa inayo.

Hayo yanahusu pia vidonge na majani ya chai ya kupunguza mwili vinavyouzwa bila maelezo. Sibutramini iliondolewa kwenye masoko ya Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi, lakini tangu hapo imekuwa ikikutwa imefichwa ndani ya bidhaa zinazoitwa za asili. Ukienda kwa daktari, kibebe kikopo chenyewe mfukoni, usimsimulie rangi yake.

Gharama je? Kuna njia za chini. Septemba 2023 serikali iliwazindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote, na mikoba waliyopewa ina kipima presha na kipima sukari. Ulizia wa mtaa wako. Na tangu SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, Oktoba 2024, huduma za msingi za zahanati na vituo vya afya zimewekewa mfuko wake kwa waliojiandikisha. Si lazima umwone bingwa wa hospitali kubwa. Tabibu au muuguzi mwenye mashine inayofanya kazi anatosha kwa hatua ya kwanza. Beba dawa zako zote zikiwa kwenye pakiti zake, na uulize maswali matatu: ipi kati ya hizi ibadilishwe nikianza kula kidogo, nipimwe lini tena, na dalili gani ikitokea nile kitu chenye sukari au nije mara moja?

Shangazi tulikwenda naye. Hakupenda, alisema kliniki yake ni mwezi ujao na harusi haisubiri. Tabibu alimwondolea glibenklamidi, akampa metformini, akamwonyesha jinsi ya kujipima sukari nyumbani, na kuhusu anjera akamwambia aipunguze kwa nusu, asiiache kwa siku moja. Kilo 20 kabla ya harusi hazitatimia. Alinung'unika ngazi zote nne. Lakini sasa hivi ameshuka kilo sita, na kila asubuhi ananitumia namba ya sukari yake kabla hata ya salamu :-)

Basi nikarudi kwenye ule ukurasa wa kwanza, nikaifuta ile sentensi. Badala yake nimeweka maswali manne. Je, unatumia dawa yoyote kila siku? Je, una mimba, unanyonyesha, una chini ya miaka 18, au umewahi kuugua moyo, figo, ini au ugonjwa wa kujinyima chakula? Je, unataka kupunguza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wako? Je, umepimwa presha na sukari ndani ya mwaka huu?

Ukijibu kwamba huna lolote kati ya hayo, umepimwa na unataka kilo tano tu, programu inakufungulia uanze papo hapo, bila mahubiri. Ukijibu vinginevyo, haikupi lengo la kalori. Inakuandikia tu unachokula kwa wiki moja, kisha inatengeneza ukurasa mmoja, chakula na dawa zako vikiwa sambamba, umpelekee tabibu. Akishasema sawa, unaendelea. Kumbukumbu zote zinakaa ndani ya simu yako, hazitumwi kokote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na hata isingalikuwapo, sukari ya shangazi yangu si mali ya seva yangu.

Rafiki yangu mmoja aliyeijaribu ameniambia kwamba nafukuza watumiaji mlangoni. Huenda. Nimehesabu, na kati ya watu kumi na wanne waliojaribu, watano waliishia kwenye swali la kwanza na hawakurudi. Hilo linaniuma kama mtengenezaji. Lakini wanne wengine walijibu "ndiyo" kwenye dawa, wakapeleka ule ukurasa kliniki, na wawili kati yao walibadilishiwa dozi. Hao wawili ndio niliokuwa nikiwaandikia bila kujua majina yao.

Haya, ni hayo kwa leo. Kama unatumia kidonge chochote kila siku na unapanga kupungua mwaka huu, soma jina lililo kwenye pakiti sasa hivi, kisha uliza linahitaji nini ukila kidogo. Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitaeleza jinsi ya kuhesabu kalori za bariis bila kumkosea mpishi.